Bafu limesingiziwa: presha, ugonjwa wa moyo na kiharusi tunavyovichanganya

Msibani Mtwara, iwe Chikongola au Magomeni, maelezo huwa mafupi: "Kaanguka bafuni." Aliyeuliza anatikisa kichwa, na kabla matanga hayajaisha simu zimeshaanza kupokea ule ujumbe usiochoka kuzunguka: ukioga usianze kujimwagia maji kichwani, anza miguuni upande taratibu, la sivyo damu itakimbilia kichwani na mshipa utapasuka. Anayeusambaza ana nia njema. Tatizo ni kwamba ujumbe wenyewe umelisoma tukio kinyumenyume.

Mara nyingi mtu hapati kiharusi kwa sababu ameanguka. Anaanguka kwa sababu kiharusi kimeshampata. Mguu mmoja umeisha nguvu, kichwa kinazunguka, sakafu ina maji, anakwenda chini. Waliokuwa sebuleni wamesikia kishindo tu, kwa hiyo habari wanayoisimulia inaanzia kwenye kishindo. Bafu na choo vina sababu nyingine za kutajwa sana. Alfajiri, mwili unapojiandaa kuamka, presha hupanda yenyewe, na asubuhi ndiyo saa ambazo viharusi na mashambulio ya moyo hutokea zaidi. Chooni ndiko tunakokwenda kwanza tukitoka kitandani, na anayejikamua kwa sababu ya choo kigumu huipandisha presha kwa muda. Lakini mshipa uliopasuka saa kumi na moja alfajiri ulikuwa umechoka kwa miaka mingi, na hakuna mpangilio wa kumwaga maji unaoweza kuufanya mpya.

Kwa hiyo tuiangalie hiyo miaka, tukianza na majina, maana ndiyo yanayotuchanganya zaidi.

Presha ni nguvu ambayo damu huzisukuma kuta za mishipa ikipita. Kila aliye hai anayo. Tunaposema fulani "ana presha" tunamaanisha shinikizo lake la damu liko juu kuliko inavyotakiwa, tena muda wote, si siku aliyogombana na jirani. Kiharusi hutokea kwenye ubongo: sehemu ya ubongo inakosa damu, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama umepasuka na damu kumwagika. Shambulio la moyo ni jambo jingine. Hapo mshipa ulioziba ni ule unaoulisha msuli wa moyo wenyewe, na msuli unaanza kufa. Moyo kusimama ni pale mapigo yanapokatika kabisa. Shambulio la moyo linaweza kuleta hali hiyo, na mambo mengine pia yanaweza.

Halafu kuna hili neno "ugonjwa wa moyo", ambalo ni pana mno. Kifo cha Rais John Magufuli kilipotangazwa Machi 17, 2021, taifa liliambiwa kwamba tatizo lilikuwa kwenye mfumo wa umeme wa moyo. Ni kweli moyo una umeme wake, mdogo sana, unaoupa mdundo, na mdundo ukivurugika damu inaweza kuganda ndani ya moyo, bonge likasafiri hadi kwenye ubongo na kuwa kiharusi. Yuko pia mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Yuko mwingine ambaye mafindofindo yake hayakutibiwa vizuri, yakaleta homa inayoharibu milango ya moyo, ndiyo maana mtoto mwenye koo linalouma sana na homa apelekwe zahanati badala ya kusukutua maji ya chumvi tu. Makala haya yanahusu aina inayowaua watu wazima wengi zaidi, ile inayotokana na mishipa kuharibika.

Aliyewahi kulima mboga au mbaazi analijua bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Mkono unapampu, dawa inapita kwenye mpira, inatokea mdomoni. Sasa chukua bomba hilo ulipampu kwa nguvu kupita kiasi, usiku na mchana, miaka 15 bila kulipumzisha. Mpira unaweza kupasuka mahali palipo dhaifu. Au ndani yake panakwaruzika, uchafu unashika pale, njia inasinyaa hadi inaziba. Au mpira unavumilia lakini pampu yenyewe inachakaa. Kwa binadamu, hayo matatu ndiyo kiharusi cha kupasuka, kiharusi au shambulio la moyo la kuziba, na ule moyo uliotanuka ambao wengi wanauita "moyo mkubwa", wenye miguu kuvimba na pumzi kukata mtu anapolala chali. Familia inaweza kuzika watu watatu kwa majina matatu ya magonjwa, kumbe chanzo kilikuwa kimoja. Sukari ya juu kwenye damu, moshi wa sigara na lehemu (kolesteroli) iliyozidi hufanya kazi hiyohiyo ya kukwaruza na kuziba, na vikikutana na presha kwa mtu mmoja hali inakuwa mbaya zaidi.

Mpira haulalamiki kabla ya kupasuka. Hapa ndipo panapotuponza. "Mimi presha sina, ningeisikia." Huisikii. Wengi wenye presha ya juu hawaumwi kichwa, hawana kizunguzungu, wanalima na kucheza bao kama kawaida. Maumivu ya kichwa yana sababu mia nyingine, kwa hiyo kuyangoja ndiyo upime ni kungoja kengele ambayo haikufungwa.

Kipimo husomwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni ile inayobaki moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. 120 kwa 80 ni nzuri. Ikiwa ya juu imefika 140 au ya chini imefika 90, na ikarudia hivyo ukipimwa siku nyingine, hiyo ni presha ya kushughulikiwa. Narudia, siku nyingine. Mtu aliyeshuka kwenye bodaboda akiwa anahema, amebanwa na mkojo, anapimwa amesimama huku anaongea na simu, atapata namba ya ajabu. Kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya shati au mkono wa baibui. Kama ulivuta sigara au kunywa kahawa, nusu saa ipite kwanza. Ukimwona anayekupima anakuharakisha, mwombe kwa upole arudie.

Na "presha ya kushuka"? Ipo, ila si pacha wa ile ya kupanda. Mara nyingi ni dalili ya kitu kingine: kuharisha, maji kuisha mwilini, damu kupotea, malaria kali, au dawa iliyozidi. Kutafuta hicho kitu ndiyo tiba. Kumpa mtu maji ya chumvi kwa sababu tu amesema "presha yangu inashuka", bila kumpima, ni hatari, kwani kizunguzungu hichohicho kinaweza kuwa cha presha iliyopanda.

Kuna wanaosema haya ni maradhi ya matajiri na wanene wa Dar es Salaam. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtu mwembamba anapata presha. Mkulima wa Tandahimba anapata presha. Ukiniuliza kwetu huku Kusini tuanze kuitafuta wapi, nitakupeleka kwenye sufuria.

Pwani ya Lindi na Mtwara tunavuna chumvi baharini na tunaila kwa moyo mkunjufu. Ugali wa muhogo na ng'onda, papa mkavu kwenye mchuzi wa nazi, dagaa waliokaushwa kwa chumvi: ndiyo chakula chetu na sina nia ya kukikataza. Lakini kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofurika, na hapo umehesabu kila kitu, ya kwenye mboga, ya kwenye ugali wa wanaotia, ya kwenye chipsi za jioni na iliyokwishaingia ndani ya samaki tangu alipokuwa kwenye chanja. Kipande kimoja cha papa mkavu kinaweza kumaliza sehemu kubwa ya kijiko hicho kabla mpishi hajagusa kopo la chumvi. Chumvi ikizidi, mwili unashikilia maji ili kuizimua, damu inaongezeka ujazo, na mishipa inabeba mzigo.

"Lakini mimi situmii chumvi mbichi." Hii ndiyo imani iliyonichosha kuliko zote, kwa sababu hata watu wasomi wanayo. Wanaamini ile ya kunyunyizia mezani ndiyo mbaya, na iliyochemka kwenye mchuzi haina neno. Jamani, sisi ni watu wa pwani! Tunajua chumvi inavyopatikana: maji ya bahari yanaanikwa juani siku kadhaa, au yanachemshwa hadi yakauke, na inayobaki ni chumvi. Kitu kilichonusurika jua na moto kitaharibiwaje na jiko la mkaa kwa nusu saa? Mbichi au iliyopikwa, mwilini inafanya kazi ileile.

Kuna na ndugu yake anayejificha, magadi. Yana sodiamu, kitu kilekile ndani ya chumvi kinachopandisha presha. Kunde na mbaazi zikilowekwa usiku kucha zinaiva bila magadi, na kisamvu kikitwangwa vizuri kinataka uvumilivu tu jikoni.

Kupunguza hakuhitaji fedha. Ng'onda alowekwe, maji yamwagwe, alowekwe tena, kisha mchuzi wake usiongezwe chumvi hata chembe. Ladha itafutwe kwenye ndimu, embe mbichi, ukwaju, tangawizi, kitunguu na pilipili. Mpishi apunguze kidogo kidogo, maana ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Baba mwenye nyumba atanung'unika mwanzoni, na aachwe anung'unike. Jambo moja tu lisisahaulike: hiyo kidogo unayotumia iwe yenye madini joto, kwa sababu ile inayouzwa moja kwa moja kutoka shamba la chumvi mara nyingi haijachanganywa nayo, na upungufu wa madini hayo huleta goita na kudhuru akili ya mtoto aliye tumboni.

Mafuta nayo yana ngano zake. Korosho, kwa mfano, imesingiziwa kwamba inaleta lehemu. Lehemu hutengenezwa na ini letu na hupatikana kwenye vyakula vya wanyama. Korosho haina, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina inayofaa mishipa. Konzi moja ya korosho zilizobanguliwa, zisizotiwa chumvi, ni kitafunwa kizuri kuliko andazi. Inashangaza kwamba watu tunaolima zao hili tunaliuza lote na kununua biskuti. Maandishi ya "haina lehemu" kwenye chupa ya mafuta ya kupikia yasikubabaishe, kwa kuwa mafuta yote ya mimea hayana. Cha kuuliza ni ya aina gani na yanamiminwa kiasi gani. Nazi iko katikati: mafuta yake ni ya aina inayoweza kupandisha lehemu mbaya, kwa hiyo tui zito liwe la siku moja moja, siku nyingine jepesi linatosha. Mafuta yaliyokaangia mihogo na samaki mpaka yakawa meusi yamwagwe. Ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha, mboga za majani, kunde, choroko, papai, embe za msimu na samaki wabichi tunavyo, na vingi ni rahisi kuliko chipsi mayai.

Pombe inapandisha presha, na uraka, ile ya mabibo ya korosho, ni pombe, nipa ni pombe kali zaidi. Mabibo yenyewe kabla hayajachachuliwa ni tunda zuri. Tumbaku ikiachwa mwili unashukuru mapema kuliko watu wanavyodhani: baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Kuhusu mazoezi, mkulima ana haki ya kukasirika akiambiwa akimbie asubuhi. Aliyeshinda akipalilia mikorosho Newala ameshafanya mazoezi. Ila kilimo kina msimu. Minada ya korosho ikianza na malipo yakiingia, baiskeli inapumzishwa, pikipiki inanunuliwa, na mtu aliyekuwa akitembea kilomita kadhaa kwa siku sasa anapanda chombo kwenda dukani kununua vocha. Kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayokufanya uheme kidogo lakini uweze kuongea. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, na ngoma ya sindimba iliyochezwa sawasawa inazidi kutosha. Kama unataka kujua kitambi kimefika pabaya, chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, uizungushe kiunoni. Isipofika, kuna kazi ya kufanya, hata kama majirani wanakwambia umependeza.

Sasa vidonge, maana hapa ndipo tunapopoteza watu waliokwishagundulika. Mtu anapewa dawa, anameza mwezi mmoja, anapimwa, namba zimeshuka, anasema amepona na anaacha. Namba zimeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiiacha zitarudi, tena kimya kimya kama mwanzo. Wengine hawaanzi kabisa kwa hoja kwamba "ukizianza huachi". Ni kweli wengi hutumia maisha yao yote, na kuna wachache ambao wakipungua uzito na kubadili chakula daktari huwapunguzia au kuwaachisha. Lakini linalodumu ni tatizo, dawa inalifuata tu. Wanaume wana hofu yao ambayo hawaitamki mbele ya nesi: kwamba vidonge vinamaliza nguvu. Baadhi ya aina zinaweza kuleta shida hiyo kwa baadhi ya watu, na aina ziko nyingi, daktari atabadilisha ukimwambia. Presha isiyotibiwa nayo inaharibu mishipa midogo, ikiwamo ile inayohusika na nguvu hizo. Kitunguu saumu na mlonge kula kwa afya yako, ila hakuna kati yao kilichothibitika kuchukua nafasi ya kidonge. Na vidonge vya presha haviazimwi kama mwavuli. Kilichomfaa shemeji yako kinaweza kukudhuru wewe.

Uzito wa kuzuia unaonekana ukiangalia saa. Kiharusi cha kuziba kina dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima picha ya ubongo ya CT ipigwe, kwa sababu dawa hiyohiyo akipewa aliyepasukiwa mshipa inaweza kumuua. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni zaidi ya kilomita 500. Tunazo hospitali za Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao na Mkomaindo, na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, lakini anayetoka kijijini huanza na kutafuta usafiri.

Ndiyo maana dalili zijulikane na kila mtu nyumbani, hata watoto. Mwambie mtu acheke, uangalie kama uso umelegea upande mmoja. Mwambie anyanyue mikono yote, uone kama mmoja unaanguka. Msikilize kama maneno yanavurugika. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, hata kama baada ya dakika kumi limepita na mgonjwa anasema yuko sawa. Kiharusi cha kupita ni onyo kwamba kikubwa kinaweza kuwa njiani. Shambulio la moyo huja kama kubanwa au kukandamizwa kifuani, maumivu yakienda begani, mkononi au kwenye taya, jasho jembamba na pumzi fupi. Kwa wanawake na wenye kisukari linaweza kuwa kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu, ambao tunauita gesi na kuutafutia soda.

Wapo watakaosema ni jini au ametupiwa kitu. Sina ugomvi na dua. Isomwe garini, mgonjwa akiwa anapelekwa. Kumchoma ncha za vidole kwa sindano "ili damu itoke", kama ujumbe mwingine wa simu unavyoelekeza, hakusaidii kitu na kunakula dakika zake. Mwenye dalili za kiharusi asipewe aspirini, kwa sababu nyumbani hamwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na asipewe chakula, maji wala asali, kwa kuwa koo lake linaweza kuwa limelegea, akapaliwa. Mlazeni ubavu, mfungulieni nguo zinazombana, mkumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Mkiondoka chukueni vidonge vyake vyote, pamoja na vile alivyoacha kumeza.